Mwizi wa Maji Alikuwa Nani?

Msomaji mpenzi, leo nataka tuzungumze habari za pampu ya kisima cha nyumbani na fedha inayokula. Lakini kwanza nikupe kisa, maana kisa hicho ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

Katika jumuiya yetu kuna nyumba mbili zilizopakana, uzio mmoja tu katikati. Nyumba ya kwanza wana kisima cha pete, maji yako chini kadiri ya mita 18, na pampu ya umeme ya kuzama, na tangi la lita 2,000 juu ya jukwaa. Ni watu tisa, tena wana ng'ombe wawili na bustani ya mchicha. Nyumba ya pili hawana kisima. Walikuwa wakija kuteka kwa madebe, wakaribishwa vizuri, mpaka mwaka jana kiangazi kilipoanza.

Hapo ndipo maneno yalipozuka. Mama wa nyumba ya kwanza aliona ya kuwa kila jioni analijaza tangi hata linafurika, na kila asubuhi analikuta limebaki robo. Nani amekunywa maji hayo usiku? Akatazama uziani, akaona nyayo za watoto. Akanunua kufuli. Baada ya kufuli yakaja maneno, na baada ya maneno wale wa nyumba ya pili hawakuja tena kuteka, wala wake hao wawili hawakupeana mkono wa amani kanisani kwa muda wa miezi miwili. Na kufuli ikiwa imefungwa, tangi likaendelea kukauka kila usiku.

Nilipotumwa niende kuzungumza nao, mama yule aliniambia, "Mwalimu, mimi si mchoyo wa maji. Maji ya Mungu. Lakini umeme wa LUKU naununua mimi, na mwezi huu nimeununua mara nne. Hao watoto wananimaliza."

Nikamwomba ruhusa nikae pale mpaka saa nne ya usiku. Tulijaza tangi, tukafunga bilula zote za nyumba, tukazima pampu. Kisha tukaenda kisimani, mimi na mumewe, tukafunua kifuniko, tukanyamaza. Tulisikia maji yakichuruzika chini gizani, chururu, chururu, kama mtu anayemimina chai. Maji ya tangi yalikuwa yakirudi kisimani yenyewe, kwa bomba lile lile lililoyapandisha.

Sababu yake ni hii. Fundi aliyewatengenezea alitaka kupunguza gharama ya mabomba. Badala ya kulipeleka bomba la pampu hadi juu ya tangi, alilichomeka chini, kwenye bomba linaloshusha maji kwenda jikoni. Bomba moja, kazi mbili. Nimeona mafundi wengi wakifanya hivyo, na ukiliona siku ya kwanza utalisifu. Lakini kazi hiyo yote inategemea kitu kimoja kidogo, yaani ile valvu iliyo juu ya pampu, kilango kinachofunguka maji yakipanda na kujifunga yakitaka kushuka. Punje chache za mchanga zikikaa katika kilango hicho, hakifungi tena. Hapo tangi lote huwa wazi kuelekea kisimani, na usiku kucha ni kushuka tu.

Basi tufanye hesabu, maana mimi ni mwalimu mstaafu na mkono wangu haujaacha kuwasha. Pampu yao huvuta umeme wa kilowati 1.1, maana yake ikienda saa moja hula uniti 1.1. Hujaza debe la lita 20 kwa sekunde 30, yaani lita 2,400 kwa saa. Nyumba hutumia kadiri ya lita 800 kwa siku, pamoja na ng'ombe na mchicha. Kwa mwezi ni lita 24,000, saa 10 za pampu, uniti 11. Maji yaliyorudi kisimani yalikuwa lita 1,500 kila usiku: kwa mwezi lita 45,000, karibu saa 19 za pampu, uniti kama 21. Unaona? Walikuwa wakilipia maji yao mara moja, na maji ya kurudi kisimani karibu mara mbili.

Na kuna uchungu wa pili, ambao wengi hawaujui. Kwa bei zilizowekwa Tanzania mwaka 2016, nyumba ndogo iliyo katika daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 za mwezi. Ikivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, kodi mbali. Nyumba hii ina jokofu la kuuzia barafu, taa, pasi na runinga, jumla uniti 62. Pamoja na uniti 11 za maji halali ni 73, bado wako ndani ya mpaka. Uniti 21 za bure zikawasukuma hadi 94. Mbili zikalipwa kwa shilingi 100, na 19 kwa shilingi 350: jumla shilingi 6,850 kila mwezi, kabla ya kodi. Fedha hiyo ilitumbukia kisimani, na juu yake urafiki wa nyumba mbili.

Yule bwana alifanya jambo moja jema ambalo sikumshauri. Usiku ule ule alikwenda kumgongea jirani yake, akamleta kisimani, akamwambia, "Sikiliza mwenyewe." Jirani akainama, akasikiliza. Kisha akasema, "Na kufuli hii, gharama yake nani?" Wakacheka. Wake zao walichukua wiki mbili zaidi.

Sasa, ndugu msomaji, nataka ulishike neno hili: kupandisha maji si kazi ya gharama kubwa. Wataalamu wa mizani watakuambia ya kuwa uniti moja ya umeme, kama isingepotea hata kidogo njiani, yaweza kuinua lita 12,000 kwa urefu wa mita 30. Bila shaka hupotea nyingi. Pampu zetu ndogo za bei nafuu hazifikii hata theluthi ya hapo. Lakini hata hivyo, kwa kisima cha mita 18 na tangi la kadiri, ukipata lita 2,000 hadi 4,000 kwa uniti moja, pampu yako ni mzima. Kwa shilingi 100 unapata madebe 100 au zaidi. Kwa hiyo ukiona maji yanakula fedha nyingi, usiseme, "Umeme ni ghali." Sema, "Kuna kasoro mahali," kisha uitafute.

Namna ya kuitafuta si ngumu, haihitaji fundi. Chukua debe na saa. Siku kisima kimejaa vizuri, elekeza bomba la pampu kwenye debe pale linapomwagia tangini, uhesabu sekunde mpaka lijae. Kisha zima vitu vyote vya umeme nyumbani, usome uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, uwashe pampu peke yake kwa nusu saa, usome tena. Sasa una tarakimu mbili: sekunde za debe moja, na uniti za nusu saa. Andika kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko, pamoja na tarehe. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Debe lililojaa kwa sekunde 30 likianza kuchukua 45, ujue una ugonjwa, hata kama maji bado yanatoka na hakuna mtu nyumbani anayelalamika. Pampu haipigi kelele ikiugua. Huendelea kula tu.

Magonjwa yenyewe ni ya namna nyingi, lakini mawili ndiyo yanayonikera zaidi kwa sababu huanzia dukani, siku ya kununua.

La kwanza ni bomba jembamba. Mtu atatoa fedha nyingi kwa pampu, kisha aonee uchungu bomba. Maji yakipita mahali pembamba husuguana na kuta za bomba, na msuguano huo pampu huuona kama kilima. Chukua mfano wa pampu hiyo hiyo ya debe kwa sekunde 30, na bomba la mita 50. Likiwa la inchi moja, msuguano ni kama umeongeza mita 4 za kupandisha. Likiwa la robo tatu ya inchi, ni kama umeongeza mita 12 au 13, yaani kama umekihamisha kisima chako chini zaidi kwa urefu wa mnazi. Nusu inchi usiitaje kabisa. Tofauti ya bei ya bomba unailipa mara moja. Tofauti ya msuguano unailipa kila siku maji yanapopanda. Kona nyingi nazo ni vivyo hivyo. Na jukwaa la tangi: kila mita unayoliongeza, pampu huipanda kila siku ya maisha yake. Kwa bilula ya jikoni na beseni la kufulia, jukwaa la mita 3 linatosha sana. Nimeona mtu amejenga mnara wa mita 8 kwa nyumba isiyo na ghorofa, nadhani ili uonekane barabarani.

La pili ni pampu kubwa kupita kisima. Hapa niungame mwenyewe. Pampu yangu ya kwanza niliichagua kwa kifua. Muuzaji aliniuliza, "Mzee, unataka farasi nusu, farasi mmoja au farasi mmoja na nusu?" Nikasema mmoja na nusu, kana kwamba nanunua ng'ombe wa kulimia. Kisima changu hutoa maji kidogo kidogo, kama visima vingi vya nyumbani. Ukikitoa maji yote, huchukua saa tatu kurudi. Farasi wale waliyamaliza kwa dakika kumi na tano. Mwezi wa Oktoba, maji yakiwa chini, niliiwasha nikaenda kumtazama mgonjwa. Niliporudi, pampu ilikuwa imezunguka kavu kwa muda nisioujua, na harufu ya waya kuungua ilinikuta mlangoni. Pampu ya kuzama hupozwa na maji yale yale inayoyapandisha. Pasipo maji hujichoma. Hakuna aliyenidhulumu. Nilinunua pampu bila kukiuliza kisima.

Kukiuliza kisima ni hivi. Mwezi wa mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua, teka maji mpaka yashuke mita moja, kisha upime yanapanda kwa muda gani. Kisima cha pete chenye upana wa mita moja kina kadiri ya lita 785 kwa kila mita ya kina. Yakirudi kwa saa mbili, kisima chako hutoa karibu lita 400 kwa saa. Hicho ndicho chakula cha pampu yako wakati wa njaa. Si lazima pampu iwe ndogo hivyo, maana kisima chenyewe ni ghala na waweza kuteka kidogo asubuhi na kidogo jioni. Lakini iwe ya kiasi, na uiwekee swichi ya kuizima maji yakishuka. Kuna za boya, kuna za waya mbili zinazotumbukizwa kisimani. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya pampu. Mimi sasa ninayo.

Boya jingine liwe tangini, likate umeme tangi likijaa. Wengine husema, "Mimi nina masikio, nikisikia linafurika nazima." Siku utakapokuwa shamba, au umelala, utakumbuka maneno haya. Maji yaliyofurika umeyalipia sawasawa na yale uliyokunywa, tena yanaifanya miguu ya jukwaa kuzama matopeni.

Tena kuna wenye pampu ya juu, ile inayokaa kando ya kisima na kuvuta maji kwa bomba. Hiyo ni rahisi kuinunua na kuitengeneza, lakini ina mpaka wake, wala mpaka huo hauondolewi kwa kuongeza farasi. Zamani mafundi wa visima kule Italia walishangaa kuona pampu zao hazivuti maji kupita mita 10 hivi, hata zikitengenezwa kwa ustadi gani. Evangelista Torricelli ndiye aliyewafumbua macho: pampu haiyavuti maji, huondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa iliyo nje ndio unaoyasukuma yapande. Hewa ikiisha nguvu, maji husimama. Mwaka 1648 Blaise Pascal, Mfaransa, alimtuma shemeji yake Florin Périer apande mlima wa Puy de Dôme na kipimo cha zebaki, na kweli kule juu zebaki ilishuka, maana mlimani hewa ni nyepesi.

Hili si hadithi ya shuleni tu. Linawahusu sana ndugu zetu wa Njombe, Mbulu na Lushoto. Pwani, pampu ya juu yaweza kuvuta maji yaliyo mita 7 chini yake, na hapo inafanya kazi kwa shida. Kwenye nyanda za juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hesabu mita 5 tu. Ukiilazimisha zaidi, huzunguka, hunguruma, hula umeme, na debe halijai. Wanaoishi milimani na kisima cha mita 10 wanunue pampu ya kuzama, wasipoteze fedha mara mbili.

Na hapa nisimame kidogo, maana yako mambo mazito kuliko uniti. Kwa sababu ya mpaka huo, wako watu wanaoshusha injini ya petroli ndani ya kisima ili iwe karibu na maji. Nakusihi, usifanye hivyo kamwe, hata kwa dakika mbili, hata kisima kikiwa kipana. Moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haionekani, na kisimani haina pa kutokea. Mtu akishuka kuizima injini hulegea akaanguka. Wa pili hushuka kumwokoa, naye huanguka. Injini ikiwa imezimwa jana, sumu yaweza kuwapo bado. Na ile desturi ya wazee ya kushusha taa au mshumaa kwanza haikusaidii hapa: mshumaa huzimika pakikosekana hewa ya kuvuta, lakini penye sumu hiyo huwaka vizuri tu huku mtu anakufa. Mtu akiangukia humo, vuteni kamba ikiwa amefungwa, iteni watu na msaada, msimfuate chini.

Kwa upande wa umeme, maneno machache. Waya wa pampu uwe wa kufaa majini, uungwe na fundi anayejua, na mzunguko wake uwe na swichi inayokata umeme unapovuja. Pampu ya kuzama ining'inizwe kwa kamba imara, isining'inizwe kwa waya wake. Waya mrefu uwe mnene, maana mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida, na waya mwembamba huinyima. Vivyo hivyo umeme dhaifu wa saa moja jioni, kijiji kizima kinapowasha. Taa zikiwa nyekundu, usiwashe pampu. Mota inayonyimwa umeme hupata joto. Mita ya LUKU haijali saa, bei ya mchana na ya usiku ni moja. Basi jaza tangi mchana, umeme ukiwa na nguvu.

Nimeulizwa mara nyingi habari za jua. "Mwalimu, niuze mbuzi ninunue pampu ya sola?" Jibu langu hutegemea. Kama nyumba yako ina umeme wa gridi na pampu nzima, fanya hesabu kabla ya kumgusa mbuzi. Uniti 11 kwa mwezi, kwa bei ya shilingi 100, ni shilingi 1,100. Kwa mwaka shilingi 13,200, kodi mbali. Pampu ya sola na paneli zake hugharimu malaki. Utasubiri miaka mingi sana kuirudisha fedha hiyo. Afadhali utengeneze valvu na kunenepesha bomba. Lakini kama unapandisha maji kwa jenereta, mambo ni mengine kabisa. Jenereta ndogo ya kuendesha pampu kama hiyo yaweza kunywa lita moja ya petroli kwa saa. Saa 10 za mwezi ni lita 10. Zidisha mwenyewe kwa bei ya kituo chenu, kisha zidisha kwa 12, ndipo uende kuuliza bei ya sola.

Ukinunua, usikubali kuuziwa betri kwa ajili ya maji. Pampu ya sola huenda moja kwa moja na jua la mchana. Tangi ndilo betri lako. Maji uliyoyaweka tangini mchana utayatumia usiku, na tangi halichakai baada ya miaka michache kama betri. Nunua tangi kubwa zaidi badala yake. Paneli zifutwe vumbi, zisiwe chini ya mwembe, na zifungwe mahali ambapo mgeni wa usiku hawezi kuzifungua kwa spana moja.

Wala usiidharau pampu ya mkono, au ile ya kamba yenye gurudumu, ambayo imejulikana sana upande wa Njombe. Kwa kisima kifupi na familia ndogo hiyo haina mita. Hata mwenye umeme, akiwa nayo kisimani, siku umeme ukikatika watoto hawakosi maji ya kunywa.

Sasa nirudi kwa jirani zangu. Dawa ya kasoro yao ilikuwa mambo mawili. Pampu ilipandishwa, valvu ikaoshwa mchanga na kutiwa mpira mpya. Kisha bomba la pampu likatenganishwa na lile la jikoni, likapelekwa hadi juu ya tangi na kumwagia kwa juu. Hapo hata valvu ikifa tena, yatakayorudi ni maji yaliyo ndani ya bomba tu, si tangi zima. Angalia jambo moja: mdomo wa bomba usizame ndani ya maji, ubaki hewani, kwa maana ukizama, maji yaweza kujivuta yenyewe na kurudi chini kama petroli inavyovutwa kwa mpira. Ni kweli kupita juu ya tangi kumewaongezea karibu mita mbili za kupandisha. Hiyo ni gharama, lakini ni ndogo sana mbele ya lita 1,500 za kila usiku.

Jikoni tulikuta pia bilula inayodondosha. Mama alisema, "Hiyo ni tone tu." Tone moja kila sekunde ni karibu debe zima kwa siku. Mpira wake ulibadilishwa na kijana wa nyumba ya pili, yule yule aliyedhaniwa kuwa mwizi, ambaye kumbe amesomea kazi ya mabomba na alikuwa hajaulizwa.

Siku ya kwanza baada ya matengenezo tulipima pamoja. Debe lilijaa kwa sekunde 31. Mita mbili za ziada zimekula moja, mchezo haupo. Mama akaandika nyuma ya mlango kwa chaki: sekunde 31, na chini yake uniti za nusu saa, na tarehe. Asubuhi yake alipanda ngazi kutazama tangi. Maji yalikuwa pale pale kwenye alama ya jana. Kufuli ya uzio bado imening'inia, lakini haifungwi. Nasikia wanaitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.